Mabaki au Vigeuzwa? Uhakiki wa Lugha ya Upimaji wa Dawa za Saratani katika Mkojo

Neno mabaki halina lawama jikoni. Mabaki ya chakula ni chakula kile kile kilichosazwa, na kikilala hata asubuhi huitwa kiporo, nacho huliwa bila wasiwasi. Mabaki ya kitambaa cha fundi ni kitambaa kile kile, ila kimepungua. Neno hili basi limebeba maana mbili kwa wakati mmoja: kwamba kilichosalia ni cha asili ile ile, na kwamba ni kidogo au hafifu kuliko kilivyokuwa mwanzo. Maana hizo mbili ndizo zinazolitia hatarini neno hili linapotolewa jikoni na kupelekwa katika wodi ya saratani. Huko ndilo neno la kwanza linalomjia mtu anayetaka kueleza kwa Kiswahili kile kinachotafutwa katika mkojo wa mgonjwa aliyetiwa dawa. Husemwa "mabaki ya dawa", na anayesikia huridhika upesi mno.

Makala haya yanakusudia kulihakiki neno hilo pamoja na majirani zake, na kulihakiki mahali linapotumika, yaani Kakamega. Mahali hapo pamechaguliwa kwa sababu ya hali ya lugha. Jalada la mgonjwa huandikwa kwa Kiingereza, na maandishi ya chupa ya dawa ni ya Kiingereza. Mama humbembeleza mwanawe kwa Kiisukha, Kiidakho, Kikabrasi au Kiwanga. Kati ya jalada na mama Kiswahili ndicho daraja, na daraja hilo hupitwa kila siku na wauguzi waliozaliwa mbali na Kakamega na wazazi waliosoma miaka michache. Kwa muda mrefu mgonjwa wa saratani wa sehemu hizo alilazimika kwenda Kisumu, Eldoret au Nairobi ili atiwe dawa. Tangu huduma za afya zigatuliwe kwa serikali za kaunti mwaka 2013, tibakemia imesogezwa karibu, na hospitali ya rufaa ya Kakamega imo miongoni mwa zile zinazoitoa. Maneno yaliyokuwa yakisemwa mbali sasa husemwa nyumbani, na udhaifu wake umekuwa karibu vilevile.

Kuna sababu nyingine ya kuitazama Kakamega, nayo ni ya historia. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza katika jarida la wapasuaji wa Uingereza uvimbe wa taya uliokuwa ukiwapata watoto wa Kiafrika. Baadaye aliuchora katika ramani, akaona kwamba katika nchi zilizo karibu na Ikweta ugonjwa huo haukuonekana sana juu ya mwinuko wa futi 5,000, yaani takriban mita 1,500. Mji wa Kakamega uko karibu kabisa na mstari huo: ukishuka kuelekea Ziwa Viktoria, umo ndani ya nchi ya uvimbe wa Burkitt, ukipanda kuelekea milima ya Nandi, umetoka. Kampala ya wakati ule haikuwa na mitambo ya mionzi, hivyo Burkitt akajaribu dawa. Miongoni mwa zile zilizoleta matokeo ya ajabu ilikuwamo siklofosfamidi, iliyotangazwa na Wajerumani Arnold, Bourseaux na Brock mwaka huo huo wa 1958. Mtoto aliyefika uso umefura huweza kupungua uvimbe katika siku chache. Dawa hiyo haijastaafu: mpaka leo ni nguzo ya matibabu ya uvimbe huo Afrika Mashariki. Kwa hiyo siklofosfamidi ndiyo itakayokuwa kipimo cha istilahi katika makala haya, maana istilahi isiyoweza kuieleza dawa hii haifai kitu Kakamega.

Kabla ya kuendelea, neno moja kuhusu jina la matibabu yenyewe. Vitabu na magazeti husema tibakemia, tibakemikali, kemotherapi na matibabu ya kemikali, na mashindano hayo hayajaamuliwa. Wagonjwa hawakungoja uamuzi. Wao husema "kimo", kwa kufuata mkato wa Kiingereza kama unavyotamkwa: "ameanza kimo", "kimo chake ni Jumanne". Mtaalamu wa lugha huenda akakunja uso, kwa kuwa kimo ni urefu wa mtu au kina cha maji tangu zamani. Hata hivyo bahati imefanya mzaha wa namna yake, kwani kiasi cha dawa hizi aghalabu hukadiriwa kwa eneo la ngozi ya mwili, nalo hupatikana kwa kuchukua uzito wa mgonjwa na kimo chake. Mgonjwa hupimwa kimo ndipo apewe kimo. Neno lililoingia kwa mlango wa nyuma namna hii si rahisi kulitoa, na halina madhara makubwa. Mabaki ni jambo jingine.

Sharti kwanza ielezwe dawa inafanya nini. Siklofosfamidi ni mtoto wa ukoo wa gesi ya haradali, silaha ya vita. Waliyoitengeneza walikusudia kuifunga sumu ile ndani ya umbo tulivu lisilodhuru, kwa matumaini kwamba seli za saratani zenyewe zingelifungua. Matumaini hayo hayakutimia kama yalivyofikiriwa. Anayelifungua ni ini. Dawa inayotiwa mshipani au kumezwa haina ukali wa kuua seli. Hupita katika ini, ikageuzwa mara moja na mara ya pili, na mwishowe hupatikana vitu viwili pacha. Kimoja ni haradali ya fosforamidi, ambacho ndicho hasa kinachoipiga saratani. Cha pili ni akroleini, ambacho hakina faida kwa mgonjwa, bali hushuka na mkojo hadi kwenye kibofu na kukichoma mpaka kitoe damu. Akroleini si mgeni kwa mpishi: imo katika ule moshi wa mafuta yaliyoungua kikaangoni, unaochoma macho na koo. Kwa sababu ya akroleini mgonjwa huhimizwa kunywa maji mengi, na kwa sababu hiyo hiyo, dozi ikiwa kubwa, huongezewa dawa iitwayo mesna, iliyotokana na kazi za Brock na wenzake, inayoikamata akroleini ndani ya kibofu na kuitia pingu.

Sasa neno mabaki na lijaribiwe kwa dawa hii. Kati ya siklofosfamidi yote iliyoingia mwilini, takriban sehemu 10 hadi 20 katika mia hutoka katika mkojo zikiwa hazijageuka. Hizo, kwa haki kabisa, ni mabaki. Lakini akroleini haikuwamo katika chupa. Haradali ya fosforamidi haikuwamo katika chupa. Hazikubaki, kwa kuwa hazikuwapo. Zimezaliwa ndani ya mtu. Tena si hafifu kuliko kilichotiwa, bali ni kali zaidi. Neno mabaki limekosea mara mbili kwa pigo moja: limesema asili ni ile ile ilhali imebadilika, na limesema nguvu imepungua ilhali imeongezeka. Mama anayeambiwa kwamba katika mkojo wa mwanawe mna mabaki ya dawa ataelewa, kwa mantiki safi ya lugha yake, kwamba mtoto ametumia nguvu ya dawa na kilichotoka ni makapi. Atazifua nguo za mtoto kwa mikono mitupu. Kosa si la mama. Amekielewa Kiswahili alichoambiwa barabara.

Wala haifai kukimbilia upande wa pili na kulipiga marufuku neno hili, maana kuna dawa ambazo kwazo linafaa. Methotreksati, ambayo pia hutumika kwa uvimbe wa Burkitt, kwa sehemu kubwa hutoka kwa njia ya figo kama ilivyoingia. Hapo anayesema mabaki amesema kweli, mradi asisahau kwamba hata methotreksati hugeuzwa kidogo na ini, na kwamba kile kinachotokea huyeyuka kwa shida kuliko dawa yenyewe, hivyo dozi ikiwa kubwa mno huweza kuganda katika figo. Kwa ufupi, lugha inahitaji maneno mawili ambapo mpaka sasa watu wengi wanatumia moja.

Je, neno la pili liwe lipi? Yamejitokeza matatu ambayo yastahili kusikilizwa.

La kwanza ni taka: "taka za dawa". Neno hili lina faida ya kuonya, kwa kuwa taka hazichezewi. Walakini kosa lake ni baya kuliko la mabaki, kwani taka ni kitu kilichokwisha kazi, na haradali ya fosforamidi iliyo katika mkojo haijakwisha kazi. Zaidi ya hayo, taka humchafua mgonjwa. Mtu ambaye mwili wake unatoa taka za ajabu ameanza kutengwa kwa sarufi kabla hajatengwa kwa vyombo.

La pili ni mazao. Mkemia hulipenda kwa kuwa yeye huita matokeo ya mmenyuko wa kikemia mazao. Kakamega ni nchi ya mahindi, chai na miwa. Mazao yapo shambani, huuzwa na huleta karo. "Mazao ya dawa" huko yatafahamika kuwa ni mavuno ya mimea ya dawa, labda mwarubaini. Neno zuri limewekwa mahali ambapo jirani yake ana sauti kubwa kuliko yeye.

La tatu ni metaboli, lililokopwa pamoja na umetaboli, ambalo limekwisha kuzoeleka katika maandishi ya elimuviumbe. Hapana sababu ya kuligombeza. Mwalimu wa biolojia analihitaji, na mtu wa maabara akiliandika katika ripoti anaeleweka na mwenzake wa Dar es Salaam au Helsinki. Ila katika wodi ni sauti tu. Halina mzizi wa Kibantu wala wa Kiarabu wa kumshika msikilizaji mkono, na muuguzi atakayelitamka atalazimika kulifasiri papo hapo. Atakapolifasiri, atasema mabaki.

Kiswahili kina njia yake ya zamani ya kuumba jina la kitu kilichotendwa. Wanasarufi wamesema kitendwa kwa kile kinachopokea tendo, na hakuna mwanafunzi aliyelalamika kwamba neno hilo ni geni. Kwa mfano huo huo yaweza kusemwa kigeuzwa, wingi vigeuzwa: kitu kilichogeuzwa. Neno hili halisemi kama kilichotokea ni kikali au kimepoa, na kutosema huko ni faida. Sehemu kubwa ya siklofosfamidi iliyogeuzwa hutoka katika umbo la kaboksifosfamidi, ambalo halina ukali wa kutajika, na sehemu ndogo ndiyo yenye moto. Anayesema vigeuzwa anaweza kuongeza sifa bila kujipinga, vigeuzwa vikali au vigeuzwa vilivyopoa. Anayesema "mabaki makali kuliko dawa" amesema fumbo. Yumkini mtu atateta kwamba kigeuzwa kinafanana mno na kigeuzi, kinachogeuza. Ubishi huo unalisaidia neno badala ya kuliangusha: ini ni kigeuzi, akroleini ni kigeuzwa, na tofauti ya irabu na konsonanti chache imebeba somo zima la umetaboli.

Pamoja na hayo, istilahi haiishi kwa sababu ni sahihi. Watu wa nchi ya Kakamega wana kumbukumbu yao ya jambo hili. Katika miaka ya 1940 Kamati ya Lugha ya Kiluyia ilijaribu kuziunganisha lahaja za Kiluyia katika maandishi ya namna moja, na ikapata sarufi na msamiati uliochapishwa, kazi ya Bi. Appleby wa misheni. Kazi ilikuwa ya bidii, lakini wasemaji wengi hawakuitambua lugha ile kuwa yao, na kila upande uliendelea kusema na hata kuandika kama ulivyozoea. Vigeuzwa nalo laweza kufa kifo hicho hicho katika kurasa za majarida kama hili, iwapo halitapata kinywa cha muuguzi.

Tuhuma ya pili inahusu kitenzi. Kupima ni kitenzi kikarimu kupita kiasi. Hupimwa kitambaa, shamba, uzito, joto, akili na damu. Na katika hospitali yoyote ya Kenya "kupima mkojo" humaanisha kutazama kama mna sukari, uambukizo au mimba. Jibu linalotazamiwa ni ndiyo au la: "amepatikana nayo" au "hakupatikana nayo". Ama kuhusu dawa za saratani, maswali ni zaidi ya moja, na kitenzi kimoja huyafunika yote. Kuna swali la kama dawa imo. Kuna swali la imo kiasi gani. Na kuna swali la tatu, ambalo ndilo lililoulizwa kwanza katika historia ya jambo hili: je, mkojo huu una uwezo wa kudhuru?

Mwaka 1979 Falck na wenzake wa Finland walichapisha katika jarida la Lancet uchunguzi wa mkojo wa wauguzi waliokuwa wakizichanganya na kuzitia dawa za saratani. Wauguzi hao hawakuwa wagonjwa. Hakikutafutwa kigeuzwa chochote kwa jina. Mkojo ulijaribiwa kwa bakteria wa maabara ili ionekane kama unaweza kubadili chembe zao za urithi, na ukaonekana kuwa unaweza. Mwaka 1984 jarida hilo hilo lilichapisha uchunguzi mwingine, uliofanywa Kanada, ambamo siklofosfamidi yenyewe ilipatikana katika mkojo wa wauguzi kwa njia ya kromatografia ya gesi, yaani ufundi wa kuyapitisha maji hayo, yakiwa yamegeuzwa mvuke, katika mrija mrefu ambamo kila kitu hupita kwa mwendo wake. Baadaye kromatografia iliunganishwa na spektrometa ya tungamo, ambayo hutambua molekuli kwa uzito wa vipande vyake, na hesabu ikashuka hadi nanogramu. Nanogramu moja ni gramu iliyogawanywa mafungu bilioni moja. Mkojo wa mgonjwa una milligramu za dawa; wa muuguzi, nanogramu, na milligramu moja ni nanogramu milioni moja. Kiswahili kinachosema juu ya wote wawili kwamba "wamepimwa wakapatikana na dawa" hakijasema uongo, lakini kimefuta tofauti ya mara milioni. Maneno yapo: kubaini kwa swali la kwanza, kukadiria kiasi kwa la pili, kujaribu ukali kwa la tatu. Yanayohitajika ni nidhamu tu ya kuyatenga.

Haki inadai kwamba istilahi iliyofaulu nayo isifiwe, kwa kuwa wahakiki wa istilahi wamezoea kulaumu. Neno ukolezi, kwa maana ya wingi wa kitu katika ujazo fulani wa kimiminika, ni miongoni mwa maneno bora yaliyopata kuundwa kwa ajili ya kemia ya Kiswahili. Limetoka katika kukolea, na kila aliyewahi kuonja chai anajua chai iliyokolea sukari. Mama wa Shinyalu hahitaji kufundishwa ukolezi. Anahitaji kuonyeshwa tu kwamba mkojo nao hukolea. Mtoto asiyekunywa maji mkojo wake hukolea hata kama dawa iliyomo ni ile ile, na ndiyo sababu maabara hulinganisha dawa na kreatinini, kitu ambacho mwili hukitoa kwa kadiri isiyobadilika sana, ili maji mengi au machache yasidanganye.

Hapa ndipo kosa jingine la tafsiri linapoingia. Ili kujua kiasi chote kilichotoka, ukolezi huzidishwa kwa ujazo wote wa mkojo wa saa 24. Fomu ya Kiingereza ikifasiriwa "kusanya mkojo wa siku nzima", mtu wa Kiswahili ana haki ya kukusanya tangu kuche mpaka kuchwe na kulala usingizi, kwa kuwa siku nzima kwake ni kutwa, na usiku una jina lake. Mkojo wa usiku utamwagwa. Tuseme ukolezi ni milligramu 5 kwa lita. Mtoto ametoa lita 2 kutwa kucha lakini zimefika maabara lita 1.2, ripoti itasema milligramu 6 mahali pa 10, na hakuna mashine, hata ingekuwa ya thamani gani, itakayoliona kosa hilo. Neno sahihi limo katika lugha tangu zamani, na bibi yeyote analijua: kutwa kucha. Kadhalika saa. Fomu iliyoandikwa 8.00 huanza, kwa hesabu ya Kiswahili, saa mbili asubuhi. Mfasiri wa haraka huandika "saa nane", na saa nane ni mchana jua likiwa kichwani. Wanaofundisha tafsiri chuoni hutaja mfano wa saa kama mzaha wa darasa la kwanza. Katika chupa ya mkojo si mzaha, kwani saa sita zimekwisha potea.

Sasa mkojo wenyewe. Adabu ya Kiswahili hulikwepa neno hilo na kusema haja ndogo, na adabu hiyo ni nzuri mahali pake. Lakini haja ndogo ni tendo. Ni kwenda, si kile kilichoachwa. Onyo kama "usiguse haja ndogo ya mgonjwa" ni Kiswahili kinachochechemea, na msikilizaji hubaki akijiuliza ameambiwa nini. Kwa mtoto mdogo mambo ni mepesi, kwani mama na muuguzi wote wawili wanaweza kusema susu, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Ugumu huja pale mgonjwa anapokuwa mzee, na anayemtunza ni mke wa mwanawe. Adabu ya ukwe katika jamii za Waluyia inamweka mkaza mwana mbali na mwili wa baba mkwe hata katika maneno, na muuguzi kijana anayesema mbele yao "mkojo wa mzee" amewafunga midomo wote. Njia ya kati ipo: "maji ya mzee" au "maji yanayomtoka". Tasfida hii hutaja kitu badala ya tendo, kwa hiyo onyo linaweza kuning'inizwa juu yake. Uhakiki wa tasfida katika Kiswahili umeshughulika mno na swali la neno lipi ni la adabu, na kidogo mno na swali la neno lipi, baada ya kuwa la adabu, bado linabeba habari.

Habari inayopaswa kubebwa si ndefu. Kwa siku mbili hivi baada ya dozi, yaani saa 48 katika miongozo mingi, mkojo una dawa na vigeuzwa vyake. Anayeushika avae glavu, nguo zilizolowa zifuliwe peke yake, mikono ioshwe kwa sabuni. Miongozo hiyo hiyo ya ng'ambo huongeza kwamba choo kifunikwe na kipigwe maji mara mbili. Sentensi hii imefasiriwa kwa Kiswahili fasaha na haina maana yoyote katika boma lenye choo cha shimo nyuma ya migomba, ambako hakuna kifuniko cha namna hiyo wala maji ya kupiga. Usahihi wa sarufi umeficha ukosefu wa maana, na mfasiri ameondoka akiwa ametimiza wajibu wake. Tafsiri iliyo aminifu hapo ingeacha sentensi na kushika kusudi: mkojo umwagwe shimoni taratibu, karibu na shimo, usirushwe, usimwagwe uani wala karibu na chemchemi.

Kuhusu ukali, lugha ya watu ina akiba kuliko inavyodhaniwa. Wasomi hutenganisha dawa na sumu kana kwamba ni usiku na mchana, lakini mkulima husema dawa ya panya, dawa ya kupe, dawa ya kupulizia sukuma wiki, na haoni mkinzano wowote. Kwake dawa ni kitu chenye nguvu ya kutenda, na anajua kwamba mwenye kupuliza dawa hunawa kabla ya kula. Muuguzi anayesema "mkojo huu ni kama dawa ya kupulizia, usiuguse kwa mkono mtupu" ametumia ujuzi uliopo, wala hakumwita mtoto sumu.

Hatari ya mwisho ni ile inayoletwa na onyo lenyewe likieleweka nusu. Kiswahili cha kila siku kina kitenzi kimoja kinachokimbilia mahali hapa, nacho ni kuambukiza. Mara tu mama anapoelezwa kwamba mkojo una madhara, jirani atasema kwamba saratani ya mtoto inaambukiza kwa mkojo, na kikombe cha mtoto kitatengwa. Waandishi nao hawana budi kujilaumu, kwani wapo wanaoandika kwamba muuguzi "ameambukizwa dawa", kwa kukosa jina la ile hali ambayo wauguzi wa Finland walikutwa nayo: dawa kuupata mwili wa mtu asiyetibiwa, kwa ngozi au kwa pumzi. Siku hizi baadhi ya tafsiri husema mfiduo, neno ambalo halijulikani limefidua nini. Kiswahili tayari husema mtu ameingiwa na hofu, jahazi limeingiwa na maji. Muuguzi ameingiwa na dawa. Mama asiyevaa glavu ataingiwa na dawa. Kitu kilichoingia si ugonjwa wala hakikutoka katika ugonjwa, bali ni dawa iliyotiwa na hospitali na vigeuzwa vilivyofanywa na ini, na baada ya siku mbili hivi mkojo wa mtoto hurudi kuwa susu kama ya mtoto mwingine yeyote.